Honi ya Pikipiki ya Wakfu



Msikiti wetu, katika kijiji kilicho jirani na Nduta, wilayani Kibondo, una mali chache: jengo lenyewe, madrasa ya vyumba viwili, kisima, na pikipiki moja kuukuu aina ya Honda CG125. Pikipiki hiyo iliwekwa wakfu na mzee mmoja mwenye asili ya Ujiji, mfanyabiashara wa maharage na asali, kabla hajafariki dunia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sharti lake lilikuwa fupi: imfikishe mwalimu kwenye madrasa za vijiji vya mbali, na ipeleke habari za misiba. Sisi tunaoshika kalamu ya kamati ndio tuliokabidhiwa ufunguo wake.

Aina hii ya pikipiki ilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970, nao watengenezaji waliikusudia nchi ambazo barabara zake ni kama zetu: vumbi jekundu kiangazi, tope masika, na fundi yuko mbali. Hii yetu ni katika zile za mwanzo, ambazo umeme wake ni wa volti 6, si 12 kama bodaboda za leo. Habari hiyo ya volti tuliambiwa siku ya kukabidhiwa, tukaisahau.

Mwaka juzi, Maulidi ilipokaribia na wageni wakitarajiwa kutoka Kasulu na Kigoma mjini, tuliona aibu kwa jinsi kutu ilivyokuwa imeila. Kijana wetu mmoja akaipaka rangi nyeusi tii, kuanzia matairi yalipoishia hadi usukani wenyewe. Wageni waliisifu. Tangu siku ile honi haikulia tena.

Ndugu msomaji asidhani kwamba hatukujua. Tulijua. Katika daftari la mihtasari ya vikao imeandikwa mara tatu: “Honi ya pikipiki, imeahirishwa.” Mara ya kwanza tulishughulishwa na choo cha wanawake. Mara ya pili ilikuwa Ramadhani. Mara ya tatu hapakuandikwa sababu yoyote. Mwandiko ni wetu.

Baada ya kikao cha tatu tulitoa shilingi 12,000 katika sanduku la sadaka, tukanunua honi mpya sokoni. Vijana walitaka ile inayolia kama lori. Sisi tukachagua ndogo, tukajiona wenye busara. Ilikuwa ya volti 12, kwa kuwa ndizo zinazouzwa. Tukaifungua ya zamani, tukaifunga mpya kwa mikono yetu, nayo haikulia. Tukasema bidhaa za siku hizi hazina uaminifu. Honi zote mbili zikaishia kabatini, nasi tukaendelea kuendesha pikipiki isiyo na sauti.

Wanaoifahamu Nduta wanajua njia zake. Tangu kambi ilipofunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya ndugu zetu waliokimbia kutoka Burundi, waendao kwa miguu wameongezeka: wenye mizigo ya kuni, wenye madumu ya maji, wenye baiskeli zilizosheheni mihogo, na watoto, watoto kila mahali.

Jioni moja, baada ya Alasiri, tulikuwa tukirudi kutoka kusomesha. Tulikuwa tukishuka mteremko, injini imetulia, upepo ukitupiga usoni. Mara baada ya kona tukamwona msichana wa miaka kama kumi, mwanafunzi wa madrasa yetu, amejitwika dumu la maji na mkono mmoja umemshika mdogo wake. Walikuwa wametupa mgongo na wameshika katikati ya njia. Kidole chetu kikaenda kwenye kitufe kwa mazoea. Kimya. Tukapaza sauti, upepo ukaturudishia. Tukakata usukani kuelekea mtaroni. Kioo cha pembeni kikaligusa dumu, likaanguka na kupasuka, nasi tukaanguka mbele yake kidogo.

Hakuna aliyeumia, alhamdulillah, isipokuwa goti letu. Mtoto yule alisimama, maji yakimtiririka usoni, akatutazama, kisha akasema kwa adabu ileile anayosomea juzuu yake:

“Ustadhi, hukupiga honi.”

Hatukuwa na jibu.

Usiku ule, baada ya Isha, tulikwenda nyumbani kwao na dumu jipya. Mama yake alitukaribisha, akaleta kigoda, akatupa pole ya goti. Tukaeleza, tukaomba radhi. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: “Ustadhi, Mwenyezi Mungu ametuhifadhi. Lakini mwanangu angekufa leo, mngekuja hapa kuniambia ni kadari.”

Maneno hayo tulirudi nayo nyumbani. Alikuwa amesema kweli. Tumesimama kwenye misiba mingi tukiwausia wafiwa waridhike na kadari, na kuridhika huko ni katika imani. Lakini kadari ni faraja ya aliyefikwa. Haikuwekwa iwe kivuli cha kujisitiri aliyezembea. Tulisomeshwa chuoni kwamba mtunza amana halipi kilichoharibika mikononi mwake ila akivuka mpaka au akizembea. Vikao vitatu vya “imeahirishwa” vina jina gani lingine?

Asubuhi yake tuliikokota pikipiki na honi zote mbili hadi kwa fundi mmoja mzee, Kibondo mjini. Hakuuliza bei ya kitu. Alichukua taa ndogo ya majaribio, akagusa waya unaofika kwenye honi, taa ikawaka. “Umeme unafika,” akasema. Kisha akaiunganisha honi ya zamani kwa nyaya mbili moja kwa moja na betri. Ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena. “Na honi ni nzima, imelala tu.” Akaukagua usukani, akaugusa kwa ukucha.

“Katibu, hii ilipakwa rangi lini?”

Tukamweleza habari ya Maulidi. Akatabasamu, akatufundisha jambo ambalo tungependa kila mwenye pikipiki kuukuu alijue. Katika nyingi za zamani, umeme hufika kwenye honi wakati wote ufunguo ukiwa umewashwa. Kazi ya kitufe ni kuufungulia njia ya kurudi, nayo njia hiyo hupitia chuma cha usukani na cha mwili wa pikipiki hadi kwenye betri. Kijana wetu alikifungua kitufe, akaupaka usukani, akakirudisha juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Basi hata tungenunua honi kumi, zote zingekuwa bubu.

Fundi alichukua msasa, akakwangua mahali pa kitufe, upana wa ukucha wa kidole gumba, mpaka chuma kikang'aa. Kisha akaigeukia honi ya zamani. Ndani ya honi mna koili inayovuta kiwambo cha chuma. Kikivutwa, platini ndogo huachana na umeme hukatika. Kikirudi, platini hukutana tena. Na kwenda na kurudi huko, mara mamia kwa sekunde moja, ndiko sauti yenyewe. Ikikaa kimya muda mrefu, platini hushika kutu. Aliizungusha skrubu iliyo nyuma yake kidogo kidogo, si zaidi ya robo mzunguko, akibonyeza na kusikiliza, mpaka kikohozi kikawa mlio. Ile mpya ya volti 12 aliturudishia: kwenye betri ya volti 6, alisema, hata njia ikiwa safi ingekoroma tu.

Tulipoteza basi shilingi 12,000 za waumini kwa kutibu kisichoumwa. Tulizirudisha sandukuni kutoka mfukoni mwetu, pamoja na ujira wa fundi, na katika kikao kilichofuata tuliisomea kamati habari yote kama ilivyokuwa. Baadhi ya wazee waliona tumejionea mno. Mmoja akasema, mali ya wakfu huanza kutengenezwa kabla haijaanza kupambwa. Tuliyaandika maneno yake katika mhtasari.

Mtume wetu (S.A.W.) aliwausia maswahaba waliokuwa wakikaa njiani waipe njia haki yake, na katika haki hizo akataja kuzuia maudhi. Tulikuwa tukiisomesha Hadithi hiyo kana kwamba inawahusu wakaao vibarazani tu. Mwenye chombo cha moto naye yumo njiani. Honi yake ikifa, amemnyima mpita njia onyo lake. Naye akiipiga ovyo, mbele ya wagonjwa, wafiwa au usiku wa manane, amemletea maudhi. Hata Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu barabara ulielekeza kwamba honi itumike kuonya ili kuepusha ajali, wala mlio wake usirefushwe kupita kiasi.

Sasa kila Ijumaa, kabla ya kwenda kuoga, tunaiwasha pikipiki ya marehemu, tunakagua breki, taa na honi, na tunaweka alama daftarini. Ni kazi ya dakika tano. Tunawaomba akina baba wenye pikipiki nyumbani wafanye hivyo, na akina mama wawaulize kama wamefanya.

Kwenye kona ile ya mteremko tunapiga honi mara moja, fupi. Wiki iliyopita msichana yule alikuwepo tena na dumu lake. Aliisikia, akamvuta mdogo wake pembeni, tukapita polepole tukiwasalimia.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyaahirisha, na atuwezeshe kuzitunza amana zetu. Wabillahi tawfiiq.