Tumbo la mtoto likiziba: kungoja ama kusukuma?

BUTEMBO – Mama mmoja muuza mihogo, mkaaji wa kando ya mji wa Butembo, Kivu ya Kaskazini, alingoja usiku mzima kabla ya kupeleka mtoto wake wa miezi 8 hospitalini. Mtoto alikuwa akilia kwa nguvu, ananyamaza, kisha anaanza tena, magoti ameyakunja juu ya tumbo. Mama hakungoja kwa uzembe. Alikuwa na mfano wake.

Miaka 3 iliyopita, kaka ya mtoto huyo alizibwa na minyoo. Waganga walimkataza kula, wakamwekea seramu, na kupitisha mpira puani ili tumbo litoe uchafu. Kila saa chache walimgusa tumbo: homa, damu ama tumbo gumu vingemaanisha kupasuliwa. Siku ya pili akaenda choo. Dawa ya minyoo ilikuja baadaye tu, maana kuitoa wakati njia bado imefunga kunaweza kukaza fundo zaidi.

Basi safari hii mama alifikiri ni yale yale. Lakini choo cha mtoto kilitoka na damu na makamasi, na ekografi ikaonyesha utumbo umeingia ndani ya utumbo, kama mkono wa shati uliojikunja. Hapo kungoja kunaua: damu haipiti, utumbo unaoza.

Daktari aliona tumbo halijakakamaa, akachagua maji ya chumvi ya uvuguvugu, yaliyopitishwa nyuma kwa mpira kutoka mfuko ulioning'inizwa kama meta 1 juu, akifuata kila hatua kwenye ekografi. Kwingine hutumia hewa, kwa kipimo kisichozidi milimeta 120 za zebaki. Hewa ni ya haraka, lakini mara nyingi hutaka mashine ya eksirei. Zote mbili zinaweza kupasua utumbo, ndiyo maana wapasuaji walikuwa tayari.

Bibi aliyetaka kumtia maji ya majani nyumbani aliuliza tofauti iko wapi, na swali lake si la kijinga. Nyumbani hakuna anayepima nguvu ya maji, wala anayeona yanakofika.

Utumbo ulifunguka. Kesho yake mtoto alinyonya. Kwa kuwa ugonjwa huu unaweza kurudia, mama ameandika namba ya motari nyuma ya mlango.