Mchumba Kahesabu Miaka, Mimi Nikachukua Umeme

Mwenzenu nilikuwa njia panda, jamani. Nimetoka PCM, nikachaguliwa vyuo viwili na natakiwa kuthibitisha kimoja: uhandisi wa umeme, miaka 4, au teknolojia ya habari ya biashara, miaka 3. Mchumba wangu akang'ang'ania hiyo ya 3. Eti nitakaa ofisi yenye kiyoyozi, sitapanda nguzo. Nani kamwambia mhandisi kazi yake kupanda nguzo?

Sikatai, ile ya biashara ina raha yake. Unasoma uhasibu na kompyuta kwa pamoja, ukimaliza unaingia benki au unafungua chako. Mhandisi hapa Tanzania akihitimu bado anafanya kazi chini ya uangalizi kama miaka 3 hivi, ndipo Bodi ya Usajili wa Wahandisi imsajili kuwa mhandisi mtaalamu. Jumla 7. Hesabu hiyo ndiyo iliyomtisha mwenzangu, si nguzo.

Lakini mimi tangu kidato cha pili nafungua redio za watu. Nikathibitisha umeme. Wiki nzima hakupokea simu yangu.

Sasa niko mwaka wa 2. Mahari bado hajaleta, ila juzi kaja na pasi ya mama yake imeungua: "Injinia, hebu itazame."