Kopje kwa Kiswahili ni nini?

Jumamosi moja jioni, mwezi wa tano, nilipanda Skinnarviksberget na binti yangu wa miaka kumi. Ni mwamba ulioko Södermalm, sehemu ya asili iliyo juu kuliko zote katikati ya Stockholm, mita 53 kutoka usawa wa bahari. Watu huenda na chupa zao za chai, wakakaa juu ya jiwe tupu kutazama maji na jua likizama. Mimi ni mtu wa Mwanza, jiji la miamba, kwa hiyo pale huwa najisikia nyumbani.

Binti yangu alikuwa na kazi ya shule kuhusu Serengeti, ya somo la Kiingereza. Akaniuliza, "Baba, kopje kwa Kiswahili ni nini? Ni kikombe?"

Nilicheka, maana kwa Kiswidi kikombe ni kopp. Lakini hakuwa mbali. Kwa Kiholanzi kop ni kichwa, na kopje ni kichwa kidogo. Kikombe kidogo nacho huitwa hivyo hivyo. Makaburu wa Afrika Kusini walilitumia kwa kilima cha mawe kinachochomoza uwandani kama kichwa cha mtu. Kwa Kiafrikana cha leo huandikwa koppie. Waingereza wengi walilizoea wakati wa vita vyao na Makaburu, mwaka 1899 hadi 1902, na wamebaki na maandishi ya Kiholanzi. Ndiyo maana ramani za Serengeti zina Simba Kopjes na Moru Kopjes, mahali ambapo simba hupenda kulala juu ya mawe.

"Basi na hapa tumekaa juu ya kopje?" akauliza.

Swali zuri. Jiwe ni jiwe, lakini sijawahi kusikia mtu akiuita mwamba wa Stockholm kopje. Kiingereza kimelikopa neno hilo kwa ajili ya vilima vya Afrika tu. Nje ya hapo, ndugu yake mfupi ndiye maarufu, tena kwa njia ya mpira: jukwaa la Kop la Liverpool pale Anfield. Lilipewa jina mwaka 1906 kwa kumbukumbu ya Spion Kop, kilima cha Natal ambako Waingereza wengi waliuawa Januari 1900.

Neno letu safari limepata bahati hiyo hiyo. Hapa Sweden kuna älgsafari, yaani kupelekwa msituni kutazama wale wanyama wakubwa wenye pembe pana. Lakini nikipanda ndege kwenda kumzika mjomba, kwa Kiswidi hiyo si safari. Neno likikopwa, hubeba kile tu alichokitaka mkopaji.

Hayo yote niliweza kumweleza. Swali lake la kwanza ndilo lililonishinda. Nilisema "mwamba", nikasema "jabali", nikasema "kilima cha mawe". Akaandika yote matatu, kisha akaniangalia. "Lakini nyinyi mlikuwa mnasemaje?"

Kesho yake tulimpigia mama yangu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

Nikamuuliza. Akanyamaza kidogo. "Tulisema mawe tu. Nani alikuwa na haja ya kusema mawe ya aina gani? Kila jiwe lilikuwa na jina lake." Akaanza kuyataja kwa Kisukuma, moja moja: lile la kuanikia dagaa, lile ambalo watoto walijificha mvua chini yake, lile lililogawa shamba letu na la jirani, lile ambalo baba yangu alinichapa kwa kulipanda usiku. Alipofika la sita akasita. "Lile la kule juu, palipojengwa nyumba nyingi... Hilo limenitoka. Angekuwapo bibi yako angekwambia."

Binti yangu alikuwa anaandika haraka, akiniuliza herufi. Nilimtajia, na mawili nilikosea, Mama akanisahihisha.

Nimeishi Sweden miaka kumi na minne. Nilidhani hatari ni watoto wangu kusahau Kiswahili. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa naelekea kujua historia ya kopje kuliko jina la jiwe nililojifichia mvua.

Sasa kila Jumapili tunapopiga simu, binti yangu huwa na daftari. Yamefika mawe kumi na moja. Lile la sita bado mstari wake uko wazi, na Mama ameahidi kumuuliza mzee mmoja wa kule kwetu. Wewe unayesoma hapa, kama una mzee wa kumpigia, mpigie wiki hii.