Kumfuata Hantkenina Kilwa

Tuliondoka Dar es Salaam alfajiri, wanafunzi wa jiolojia na mwalimu wetu. Tukavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, tukala samaki wa kukaanga Somanga, na jua likiwa bado juu tukafika Nangurukuru. Wageni wengi hushika njia hii kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani. Sisi tulifuata udongo wa mfinyanzi ulio chini ya vichaka vya Kilwa na Lindi, na ndani yake jenasi moja ya foraminifera, viumbe wa baharini wa seli moja wanaojijengea gamba. Jenasi hiyo ni Hantkenina. Aliyeieleza mwaka 1924 ni Mmarekani Joseph Cushman, akaipa jina la Max von Hantken, mtaalamu wa visukuku wa Hungaria.

Asubuhi tulishuka kwenye ukingo wa kijito. Udongo wa juu tuliuacha, kwa kuwa mvua na mizizi vilikwisha kuuharibu; tukachimba hadi ule wa kijivu, ulioshikana. Mzee mmoja aliyekuwa akienda shambani akasimama.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba wajukuu zangu. Mnatafuta madini?”

Mwalimu akamweleza kwamba udongo ule ulitua chini ya bahari, kwenye kina cha mita 300 na zaidi. Mzee akachukua bonge, akalivunja taratibu. “Basi bahari imehama mbali,” akasema.

Tuliloweka sampuli, tukaziosha juu ya chekecheo la mikroni 63, tukakausha masalia. Chini ya darubini, kwa ncha ya brashi iliyolowa, niliokota gamba dogo kuliko punje ya mchele. Vyumba vyake vilijizungusha katika bapa moja, na kila chumba kilitoa mwiba mmoja mrefu, wenye uwazi ndani. Mwanga ulipenya kama kwenye kioo, kwani mfinyanzi huzuia maji, na chokaa ya gamba haibadiliki.

“Jina baadaye,” mwalimu akaniambia. “Eleza kwanza.”

Nikaandika umbo, idadi ya vyumba, mdomo, na mahali mwiba unapoanzia. Hapo ndipo penye uzito. Katika spishi za kale mwiba huota katikati ya ncha ya chumba. Katika zile za baadaye umesogea mbele hadi kugusa chumba kinachofuata. Watafiti waliotangulia waliigawa jenasi hii mafungu kadhaa kwa tofauti hizo. Zilipopatikana hatua za kati, mafungu yakaunganishwa tena, na chimbuko likaonekana kuwa jenasi nyingine, Clavigerinella, isiyo na mwiba. Kuainisha, basi, ni kufuata ukoo. Kufanana peke yake hakutoshi.

Ukoo huo ulikatika miaka milioni 33.9 iliyopita, dunia ikipoa na barafu ikijijenga Antaktika. Kutoweka kwake ndiko kunakoweka mpaka wa vipindi vya kijiolojia vya Eosini na Oligosini, ulioainishwa rasmi Massignano, Italia. Miaka ya 2000, mtafiti Paul Pearson na wenzake walichoronga kusini mwa Tanzania wakapata tukio hilo ndani ya magamba yaliyohifadhika vizuri ajabu. Mwanafunzi wa Kitanzania anayetaka kujifunza kueleza jenasi hii ana sababu ya kuanzia hapa, kwa jembe na chekecheo, kabla ya kufungua atlasi ya foraminifera.