Filimbi Mbili Kati ya Kasulu na Kibondo

Basi liliondoka Kasulu alfajiri, ukungu ungali umelala juu ya migomba. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika Buha, nchi ya Waha. Mapajani nilipakata mkoba wenye filimbi yangu ya chuma.

Filimbi ya aina hii ni kazi ya Theobald Boehm wa Munich, aliyezaliwa mwaka 1794 kwa baba sonara, naye akaurithi usonara. Alipiga filimbi katika orkestra ya mfalme wa Bavaria, akatunga muziki ambao hadi leo unawatoa jasho wanafunzi wangu. Mwaka 1831, huko London, alimsikia Charles Nicholson, ambaye filimbi yake ilikuwa na matundu makubwa na sauti nene. Boehm akaamua kuanza upya. Mafundi walikuwa wakitoboa pale vidole vinapofika. Yeye akatoboa pale sauti inapotaka, kisha akaunda vijiti na vifuniko vya kuvifikisha vidole. Ya kwanza ilitoka mwaka 1832. Ile ya mwaka 1847, yenye bomba la silinda, ndiyo mama wa hii yangu.

Kibondo nilipelekwa kwa mzee mmoja mfugaji. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akipiga makofi polepole, akiuliza safari, nyumbani, watoto. Salamu ya Waha haiharakishwi. Ndipo akatoa bua refu lenye matundu machache, ndugu wa filimbi ambayo Warundi huiita umwironge.

“Ulipimaje, mzee?”

Akalaza vidole juu ya bua. “Hivi, mwanangu. Rula ni vidole.”

Nikadhani nimeliona kosa lile alilolikimbia Boehm. Kisha akapiga. Tundu lilipompa sauti asiyoitaka, aliliziba nusu, akainamisha bua kidogo, akapunguza pumzi. Sauti ikakaa mahali pake. Kazi ambayo Boehm aliipa chuma, mzee huyu anaifanya kwa mdomo.

Nikampa yangu. Mara ya tatu ikalia. Akaitazama kwa muda.

“Hii inaijua sauti kabla yangu,” akasema.

Usiku ule gesti nilishika noti moja muda mrefu, nikiipandisha na kuishusha kwa midomo tu, vidole vimetulia. Boehm alipokuwa na miaka 16 alijitengenezea filimbi yake mwenyewe, yenye vifuniko vinne tu. Kabla ya kuanza upya, naye alikuwa akiisahihisha sauti kwa mdomo, kama mzee wa Kibondo.