Kilo Zilikwenda, Ngozi Ikabaki

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Tanga. Nilikuwa na kilo 134, sasa nina kilo 76. Kisukari kimetulia, magoti hayaniumi tena, na nasujudu bila kushika kiti, alhamdulillahi. Wanaoniuliza habari za mwili wangu karibu wote wanataka kujua nilikula nini, na jibu lake ni fupi: niliacha soda, chai ya sukari nyingi na vitafunwa vya kukaanga, nikapunguza wali na ugali, nikaongeza mboga, maharage na samaki, na baada ya swala ya alfajiri nikawa natembea hadi Raskazone na kurudi. Ilichukua miaka. Lakini ushuhuda wangu hauko hapo. Uko kwenye yaliyonipata baada ya kilo kuondoka, mambo ambayo hakuna daktari, mtaalamu wa lishe wala rafiki aliyewahi kunitajia.

Nilipokaribia kilo 90 niliona kwamba mafuta yanaondoka lakini ngozi haiondoki nayo. Ngozi ya tumbo ilishuka ikafunika kinena na kulala juu ya mapaja. Nikinyanyua mkono kuandika ubaoni, ngozi ya chini ya mkono ilitikisika na wanafunzi wa mbele waliiona. Mapaja yalisuguana kwa ndani, matiti yalilala juu ya mbavu, na mgongoni nako kulikuwa na mikunjo. Mtaani vijana huiita hali hii nyama uzembe. Jina hilo ni la dhuluma, kwa sababu mtu mwenye ngozi ya namna ile mara nyingi ndiye aliyejitesa kuliko wote.

Kisha yakaja maneno. Kwetu mtu mnene akikonda watu hawaulizi amekula nini, wanauliza anaumwa nini. Katika chumba cha walimu mazungumzo yalikatika nilipoingia. Wifi yangu, anayenipenda kwa dhati, alinifuata jikoni siku moja akafunga mlango.

"Wifi, niambie mimi peke yangu. Unameza dawa?"

"Nameza, wifi. Za sukari."

Alilia, nami nikalia, na nikamwonyesha kadi yangu ya kliniki. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyenitetea kwenye shughuli zote. Hata hivyo maneno ya watu hayakuwa mzigo mkubwa. Mzigo ulikuwa chini ya gauni.

Anayeijua Tanga wakati wa kaskazi anajua joto ninalolizungumzia. Jasho lilijikusanya chini ya mkunjo wa tumbo na halikuwa na pa kutokea. Kwanza kukawasha. Halafu kukawa na mwasho na moto pamoja, ngozi ikaanza kuchubuka na kutoa majimaji. Maelezo mengi ya ugonjwa huu husema ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu haikuwa nyekundu. Ilikuwa nyeusi zaidi ya kawaida, ya kuelekea zambarau, inang'aa kwa unyevu, na pembeni yake vipele vidogovidogo vimetawanyika. Chini kabisa ya mkunjo palipasuka mpasuko mwembamba mrefu ambao kila nikiinama ulifunguka upya.

Na kulikuwa na harufu. Hili nalisema waziwazi kwa sababu najua yupo anayesoma hapa ambaye hajawahi kumwambia mtu. Nilioga kabla ya kwenda kazini, nikaoga saa saba niliporudi nyumbani kula, nikaoga jioni, na bado harufu ilirudi. Darasani niliacha kupita katikati ya madawati kusahihisha madaftari, nikawaita watoto mmoja mmoja mezani kwangu, karibu na dirisha. Harusini nilikaa nyuma. Mume wangu hakusema neno, lakini nilianza kulala na kanga mbili nimejifunga, naye akaelewa kwamba sitaki kuguswa. Mwanamke aliyepungua karibu nusu ya uzito wake anatazamiwa awe na furaha. Mimi niliona haya kwa mwili huu mpya kuliko nilivyowahi kuuonea haya ule wa kilo 134.

Kwenye duka la dawa waliniuzia krimu ya mchanganyiko, yenye dawa ya fangasi na steroidi kali ndani yake. Siku za mwanzo ilituliza mwasho kabisa. Ikiisha, ugonjwa unarudi na nguvu zaidi, nami nanunua nyingine. Krimu za namna hii zinauzwa kila mtaa bila cheti cha daktari, na watu wengi wanazitumia miezi na miezi. Steroidi kali ikipakwa muda mrefu kwenye mikunjo, mahali penye joto na unyevu, hufanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, na ngozi iliyokwisha kuvutwa na unene haina akiba ya kupoteza.

Aliyenifungua macho ni daktari wa ngozi Moshi, katika kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC. Kituo hicho kilianza mwaka 1992 na kinafundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika. Nilienda huko kwa rufaa. Nilipoanza kueleza kwa kuzungukazunguka, alinikatiza kwa upole.

"Mwalimu, panda kitandani unionyeshe mwenyewe. Pote panapouma."

Aliinua mkunjo kwa mikono yake miwili, akaangalia kwa taa, hakukunja uso. Sijui kama yeye anakumbuka. Mimi nitamkumbuka daima. Aliniambia ugonjwa unaitwa intatrigo, yaani ngozi mbili zinazogusana kuungua kwa msuguano, joto na unyevu, kisha fangasi aina ya kandida wakaingia kwenye mchubuko. Akapima sukari papo hapo, kwa sababu sukari ikipanda fangasi hustawi na kidonda hakifungi. Akaniandikia krimu ya klotrimazoli isiyo na steroidi, ya kupaka mara mbili kwa siku, na akanionya nisiiache mara tu mwasho unapokwisha.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya nyumbani, na hiyo ndiyo iliyoniponya. Osha kwa maji na sabuni laini isiyo na manukato, bila kusugua na dodoki. Kausha kwa kugandamiza taulo taratibu. Kisha lala chali mbele ya feni, inua mkunjo, uache upepo ufanye kazi yake mpaka ngozi iwe kavu kabisa. Sisi Waislamu josho linatutaka tufikishe maji kwenye kila mkunjo. Basi nilijiwekea sharti jingine, kwamba kila mahali maji yalikofika na ukavu ufike. Nilichana kanga kuukuu za pamba zilizolainika, nikazifua, nikazianika juani na kuzipiga pasi, na kipande kimoja nilikilaza ndani ya mkunjo kunyonya jasho. Kikilowa, nabadilisha. Mkoba wangu wa shule haukukosa vipande hivyo na mfuko wa kuwekea vilivyotumika. Kidonda kilipofunga nilianza kupaka krimu ya zinki kama kinga. Poda juu ya krimu nilikatazwa, kwa kuwa hugeuka uji unaosugua. Mapajani nilipaka mafuta mazito ya mgando na kuvaa taiti ya pamba inayofika magotini. Sidiria nilitafuta yenye mikanda mipana inayonyanyua matiti yasilale juu ya mbavu.

Wazee walileta ushauri wao. Shangazi alisema nifungwe mkaja kama mzazi, tumbo lirudi. Sikuudharau, maana mkaja ulinisaidia kwa namna yake: nikiufunga juu ya kitambaa kikavu wakati wa kutembea, tumbo halikunipigapiga mapajani na mgongo ulipata nafuu. Kulala nao usiku kucha kwenye joto ni jambo jingine, hapo ni kufungia jasho ndani. Wengine walisema niongeze chakula ninenepe ngozi ijae. Huo ni ushauri wa kumrudisha mtu kwenye kisukari, na nauombea ukome midomoni mwa watu.

Swali lililonisumbua ni kwa nini ngozi haikurudi yenyewe. Ngozi ina nyuzi mbili zinazoibeba, kolajeni inayoipa nguvu na elastini inayoirudisha ikivutwa. Ikivutwa kwa miaka mingi nyuzi hizo hukatika na kupangika vibaya, kama lastiki ya sketi iliyovaliwa mpaka ikalegea. Umri unachangia, sigara inachangia, jua linachangia, urithi pia, na idadi ya kilo zilizoondoka. Kijana aliyepungua kilo 15 anaweza kuona ngozi ikijikaza ndani ya mwaka mmoja au miwili. Mama wa miaka zaidi ya 40 aliyepungua kilo 58 hawezi kutegemea hilo. Mazoezi ya kunyanyua vitu vizito hujaza misuli chini ya ngozi, na mikono yangu ilipata umbo kidogo kwa kunyanyua madumu ya maji, ila misuli haiondoi ngozi iliyozidi. Mafuta ya kukaza ngozi yanayotangazwa kwenye simu hayaiondoi pia. Okoa fedha yako, ununue mayai na dagaa. Mwili unaojijenga upya unahitaji protini.

Kilichobaki kilikuwa kisu. Daktari mpasuaji Dar es Salaam alinieleza kwamba kuna upasuaji wa kuondoa tu ngozi inayoning'inia tumboni, na kuna ule unaokaza misuli ya tumbo na kuhamisha kitovu. Mimi nilihitaji ule wa kwanza, kwa ajili ya vidonda. Hakunipangia tarehe papo hapo. Alitaka uzito wangu ukae bila kupanda wala kushuka kwa miezi isiyopungua 6. Akataka kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 kiwe kizuri, na wingi wa damu uwe wa kutosha. Kwa mvutaji wa sigara angetaka aache wiki kadhaa kabla, kwa sababu sigara hubana mishipa midogo na kidonda kikakosa damu. Aliniuliza pia kama makovu yangu huvimba, jambo la kawaida kwetu watu weusi, na kama nina mpango wa kuzaa tena.

Bima ilikataa. Barua yao ilisema huo ni upasuaji wa urembo. Daktari alikuwa ameandika vidonda vya kujirudia, mgongo, na dawa zote nilizotumia, na bado jibu likawa urembo. Hasira yangu juu ya hilo haijaisha. Kidonda kinachotoa usaha si urembo popote kilipo mwilini, na ngozi inayokizalisha ni chanzo cha ugonjwa sawa na jino bovu. Fedha zilitoka kwenye mkopo wa kikundi chetu cha akina mama, kwa kaka zangu, na kwa mume wangu, ambaye aliuza pikipiki yake bila kuniambia.

Nilipigwa nusu kaputi asubuhi. Nilipozinduka nilikuwa na mshono kutoka nyonga hadi nyonga na mirija miwili inayotoa majimaji yanayojikusanya chini ya ngozi. Natamani watu wanaofikiri huu ni upasuaji mdogo wangekuwepo wodini. Siku za kwanza nilitembea nimejikunja, sikuweza kunyooka, na nilitembezwa hivyohivyo mapema ili damu isigande miguuni. Upande wa kulia mshono uliachia kidogo, ukasafishwa na kufungwa kwa wiki kadhaa. Nilivaa mkanda maalumu wa kubana mchana na usiku. Kovu limekuwa jeusi na nene mahali fulani. Nalikubali kwa moyo wote.

Mikono, mapaja na matiti vimebaki kama vilivyokuwa. Kila sehemu ni upasuaji wake na gharama yake, na sidhani kama nitaufanya. Nguo za mikono mirefu ninazo, na siku za joto sizivai. Kaskazi mbili zimepita na chini ya tumbo pako pakavu. Kwenye mapaja bado kuna siku huchubuka, na hapo narudi kwenye feni, taulo na krimu ya zinki. Napita katikati ya madawati, nainama kusahihisha madaftari. Kanga ya pili nimeivua.

Siku hizi watu wanaopungua kwa wingi wanaongezeka nchini, wengine kwa mlo, wengine kwa puto linalowekwa tumboni kama wanavyofanya hospitali ya Mloganzila. Kwa hiyo nawaomba madaktari, manesi na wataalamu wa lishe: mnapomwambia mtu apungue kilo 40 au 50, mwambieni siku hiyohiyo kuhusu ngozi, na akirudi kliniki mwombeni ainue mkunjo muuone. Na wewe dada au kaka mwenye kidonda ulichokifunika, kipeleke kituo cha afya wiki hii. Ukiona weusi au wekundu unasambaa haraka, sehemu imevimba na ina joto, usaha unatoka au una homa, usingoje wiki, nenda leo hiyohiyo. Usinunue krimu kwa kukisia. Funua, onyesha, utibiwe.