Huhitaji puto kumwonyesha mtoto Songea kutoka juu

Likizo ya Juni ikikaribia, wazazi wengi hujiuliza swali moja: mwaka huu tumpeleke wapi mtoto? Watoto wa siku hizi wameshaiona dunia kwenye simu. Wameona maputo makubwa ya rangi yakipaa alfajiri juu ya mji wa kale wa Luxor kule Misri. Wakiambiwa wanakwenda kijijini kwa bibi, wanauliza, "Kule kuna nini?"

Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka tisa, aliuliza hivyo hivyo alipofika Maposeni, jirani na Peramiho, nje ya mji wa Songea. Ametoka Dar es Salaam. Alitaka kujua kama na sisi tuna puto la kupanda asubuhi.

Songea hatuna puto. Lakini tuna mji wenye historia, tuna milima inayoutazama mji huo, na jua linachomoza kila siku. Kwa hiyo tuliamua kumpa mtoto kile anachopewa abiria wa puto, yaani alfajiri, ukimya na kimo, kwa nauli ya kawaida. Safari hiyo tuliifanya watu watatu: mimi, mtoto, na mama yangu, ambaye humu nitamwita bibi kwa kuwa ndivyo anavyoitwa na nyumba nzima.

Puto hupaaje, na kwa nini alfajiri?

Kabla ya kuondoka tulimweleza mtoto jinsi puto linavyofanya kazi. Hewa ikipashwa moto inatanuka, inakuwa nyepesi kuliko hewa baridi iliyoizunguka, na inapanda. Kule juu rubani anawasha moto wa gesi chini ya mdomo wa puto. Akitaka kushuka anaiacha hewa ipoe au anaifungulia itoke. Usukani hakuna, linakwenda na upepo.

Hiyo ndiyo sababu ya kuruka alfajiri. Jua likishapasha ardhi, hewa huanza kupanda na kuzunguka, upepo unavuma ovyo, na chombo kisicho na usukani kinakuwa hatarini. Asubuhi mapema hewa bado imetulia.

Binadamu wa kwanza kusafiri angani kwa puto lisilofungwa kamba walipita juu ya Paris, Ufaransa, tarehe 21 Novemba 1783. Miezi miwili kabla yao walirushwa kondoo, bata na jogoo ili kuona kama kiumbe anaweza kwenda juu na kurudi mzima. Mtoto wetu alicheka sana kwa huyo kondoo.

Hapa Tanzania puto lipo. Serengeti watalii wamekuwa wakirushwa tangu mwaka 1989, na Tarangire pia huduma hiyo ipo. Ila mtu mmoja hulipa zaidi ya dola 500 za Marekani kwa asubuhi moja. Kuna masharti ya afya pia: watoto wadogo sana hawachukuliwi, wala wajawazito. Kikapu kinapotua kinaweza kugonga chini, kuburuzika, hata kulala ubavu, na abiria lazima awe na urefu wa kuona nje na nguvu ya kushikilia kamba. Mzazi akiona picha nzuri mtandaoni, ayajue na hayo.

Bibi na hofu ya presha

Sasa nimweleze bibi. Ana miaka 66. Songea mjini ameshakwenda mara asizoweza kuzihesabu: sokoni, misibani, kliniki. Kwenda kuangalia tu, hajawahi.

Miaka miwili iliyopita aligundulika ana shinikizo la damu. Dawa anameza vizuri, na vipimo vyake vimekaa sawa. Kilichobaki ni hofu. Aliacha kwenda shamba la mbali, akaacha kutembea kwenda kanisani, akawa anasubiri bodaboda hata kwa mwendo wa dakika kumi. Ukimwuliza anasema, "Presha yangu hiyo, mwanangu." Nesi wa kliniki alishamwambia zaidi ya mara moja kwamba kutembea taratibu ni sehemu ya tiba yake. Alikuwa anaitikia, kisha anarudi kukaa.

Nilipomwambia mtoto kuhusu Milima ya Matogoro, bibi alikuwa anachambua maharage. Aliuliza, bila kuinua kichwa, "Kuna mawe mengi njiani?" Nikajua anataka kwenda.

Tulimpigia nesi. Aliuliza vipimo vya karibuni, akauliza kama bibi ana maumivu ya kifua au hubanwa pumzi akitembea. Majibu yakawa hapana. Akaruhusu kwa masharti matatu: ameze dawa zake kwa saa ile ile ya kila siku, asipande na tumbo tupu, na tusifukuzane na jua. Tukichelewa, tulione jua likiwa limeshatoka.

Kupanda Matogoro

Tulilala mjini kwa ndugu ili tusianze safari ndefu usiku. Milima ya Matogoro iko kusini mashariki mwa mji, na ni msitu wa hifadhi, hivyo siku moja kabla tuliulizia utaratibu kwa wahusika wa misitu na kupata mwenyeji wa kututembeza. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumekunywa uji na kuvaa masweta. Juni ya Songea ina baridi, mji wenyewe uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari.

Hatukulenga kilele. Mwenyeji alitupeleka kwenye bega la mlima, mahali ambapo miti inaachia uwazi kuelekea mjini.

Mtoto nilimpa kazi ya unesi. Kuna kipimo rahisi cha mwendo ambacho wataalamu wa mazoezi hukitumia: mtu akiweza kuzungumza huku anatembea, mwendo wake unafaa. Akianza kujibu neno moja moja, apumzike. Kwa hiyo kazi ya mtoto ilikuwa kumwuliza bibi maswali njia nzima. Majibu yakiwa mafupi, anapiga kelele "Kituo!" na wote tunakaa.

Tulikaa mara sita. Katikati ya vituo hivyo mtoto alisikia habari ambazo mimi mwenyewe sikuwa nazijua: bibi alivyokuwa akibeba mahindi kichwani akiwa na umri kama wake, alivyovuka mto siku ya mvua, alivyomwona babu kwa mara ya kwanza kwenye harusi ya watu wengine. Kituo cha nne alikiomba bibi mwenyewe, ila si kwa kuchoka. Alitaka kumalizia hadithi bila kuangalia miguu.

Mji chini yetu

Jua lilitoka saa moja kasoro dakika kumi hivi. Tukiwa tumeuelekea mji, lilichomoza upande wetu wa kulia. Mabondeni ukungu ulikuwa bado umelala. Usiku hewa baridi ni nzito, hushuka na kutulia chini. Moshi wa majiko ulipanda kidogo, kisha ukatandaza kama shuka juu ya mapaa. Mtoto alielewa bila kuambiwa: hii ndiyo hewa iliyotulia ambayo rubani wa puto huitafuta.

Kisha mabati yakaanza kuwaka moja baada ya jingine. Tukaanza kutafuta. Ile ni barabara tuliyojia. Kule ndiko uwanja wa ndege, upande wa Ruhuwiko. Mbali zaidi, kwenye ukungu wa magharibi, ndiko Peramiho na Maposeni. Bibi alikaza macho kwa muda mrefu upande ule. "Kumbe kwetu ni karibu hivi," alisema.

Mwenyeji akamwonyesha mtoto kijito kidogo, maji unayoweza kuyaruka. Katika milima hii ndimo Mto Ruvuma unamoanzia. Maji yake yanazunguka, yanashuka hadi mpaka wa Msumbiji, yanakwenda mashariki mpaka Bahari ya Hindi upande wa Mtwara, safari ya kilomita 800 hivi. Vijito vingine vya milima hii vinachangia maji wanayokunywa watu wa mjini. Mti ukikatwa huku juu, bomba linakauka kule chini. Mtoto aliyezoea kuona maji yanatoka ukutani alikaa pale akiyatazama, akatupia jani, akauliza litafika Mtwara lini.

Swali la makaburini

Tuliposhuka na kupumzika tulikwenda Mahenge, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Maji Maji. Nawashauri wazazi mfuate mpangilio huo, mlima kwanza, makumbusho baadaye, maana mtoto aliyeuona mji mzima anajua haya yalitokea wapi.

Mji huu una jina la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni. Vita ya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani ilianza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, na Wangoni wakaingia baadaye mwaka huo huo. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa zaidi ya 60 walinyongwa hapa Songea na kuzikwa katika kaburi moja. Songea Mbano naye alinyongwa mwaka huo. Familia inaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na bado wanakisubiri. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapa na kuomba msamaha.

Kwa macho ya mwandishi wa afya, jambo moja halisemwi vya kutosha. Wanahistoria hukadiria kuwa vita hiyo iliua watu kati ya 75,000 na 300,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa na maradhi, baada ya majeshi ya Wajerumani kuchoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Waliobeba mzigo mkubwa ni watoto na wazee. Leo Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa mahindi nchini, na Juni ndiyo mavuno. Nilimwambia mtoto aangalie malori ya magunia njiani akiwa anakumbuka hilo.

Mtoto alisimama kwenye kaburi la pamoja, akauliza swali lililomsumbua tangu asikie jina la vita. "Bibi, kwa nini waliamini maji yatazuia risasi?"

Bibi hakujibu haraka. Kisha akasema, "Wewe ukiumwa ukaletewa dawa na mtu unayemwamini, unaimeza kwanza. Hao waliletewa na watu waliochoka kama wao."

Nimeandika habari nyingi za watu waliotumia dawa isiyo dawa. Maelezo mazuri kuliko hayo sijawahi kuyapata kwa mtaalamu yeyote.

Kabla hamjaondoka

Kwa mzazi anayetaka kufanya safari kama hii, Matogoro au mlima wowote ulio karibu nawe:

Ulizia utaratibu wa kuingia msituni mapema, na nenda na mwenyeji. Kila mtu awe na tochi, na viatu vifungwe kamba. Kandambili ziacheni nyumbani.

Vaeni nguo za mikono mirefu. Mbu wanaoeneza malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, na watoto wa mjini hudhani baridi huwafukuza.

Mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa na hewa baridi ya asubuhi. Dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwa mtu mzima, isikae chini ya begi.

Mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo aongee na mhudumu wake wa afya kwanza. Akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kubanwa pumzi, safari iishie hapo na apelekwe hospitali.

Bebeni maji, chai na kitu cha kutafuna. Viazi vitamu vya kuchemsha vilitutosha. Mtoto afundishwe kutolikodolea jua macho, hata likiwa jekundu.

Na mpangieni mwendo yule anayetembea polepole kuliko wote.

Bibi alipimwa presha kliniki wiki iliyofuata, na vipimo vilikuwa vile vile vya siku zote. Alimweleza nesi habari ya mlima kwa kirefu, foleni nzima ikasikiliza. Kanisani sasa anatembea, na njiani anaongea mwenyewe ili apime pumzi, jambo linalowachekesha majirani. Februari 27, siku ya kumbukumbu ya mashujaa, amesema anataka twende tena Mahenge, na tumpigie simu mjukuu wake akiwa amesimama pale pale kwenye kaburi, kwa sababu amekumbuka sehemu ya hadithi aliyoisahau.